Mshauri wangu alinisimulia msiba wake, nikaishia kumpa pole mimi. Ni sawa?

#1 BintiTudor

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Mamangu alifariki miezi saba iliyopita. Usingizi uliponikataa kabisa, dadangu akanishika mkono hadi kwa mshauri nasaha mmoja hapa kisiwani Mombasa. Kikao ni shilingi 2,500 kwa saa nzima. Viwili vya mwanzo vilikuwa vizuri, nililia nikatoka mwepesi.

Cha tatu ndicho kilichonileta hapa. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sijafika na mtu yeyote: nasimulia nilivyomvua mama bangili zake hospitalini kabla hajaenda kuoshwa, mkono umevimba, ya mwisho haitoki. Mshauri akashusha pumzi akasema, "Nakuelewa mpenzi, mimi pia nimemzika mamangu." Basi akaanza. Kisukari, mguu kukatwa, ndugu kugombania nyumba hata arubaini haijafika. Niliingia saa tisa, na adhana ya alasiri ilimkuta bado yumo ndani ya ile nyumba.

Sasa mimi nimelelewa. Mtu akikutajia msiba huwezi kumkodolea macho. Nikamwambia makiwa. Boksi la tishu lilikuwa upande wangu, nikalisukuma upande wake. Habari ya bangili sikuimaliza.

Wenye kujua nielezeni: hii ni njia yao ya kazi, au nimekosewa? Kikao cha nne ni Alhamisi.

#2 Nahodha_Likoni

Makiwa dada. Alhamisi usiende. Siku ile kazi ulifanya wewe, mshahara akala yeye.

#3 Mwalimu_Mstaafu

Pole sana binti yangu. Jambo hili wanaligombania tangu taaluma ilipoanza. Mwaka 1912 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliwaandikia madaktari wenzake kwamba tabibu wa namna hii awe kama kioo: asimwonyeshe mgonjwa kitu ila kile anachoonyeshwa. Hakusema hivyo kwa kiburi. Mgonjwa asipojua lolote juu yako, atakuvika sura za watu wake. Leo wewe ni babake, kesho ni yule mjomba aliyemdhulumu, na kupitia sura hizo ndipo tabibu anapoona kinachomsumbua. Ukishamwambia mambo yako umejichora uso, hana tena pa kuchora.

Mshauri wako alikivunja kioo hicho.

#4 Kaka_wa_Ganjoni

Mwalimu, huyo huyo Freud alimfanyia uchambuzi bintiye wa kumzaa, Anna, kuanzia 1918. Kioo gani hicho baina ya baba na mwana? Na uzeeni alikuwa na mbwa wake, Jofi, akilala mlemle chumbani wagonjwa wakizungumza. Ukishamjua mbwa wa mtu ushajua mengi ya nyumbani kwake.

#5 Nahodha_Likoni

Mbwa tena? Mimi singeingia ndani, mashauri hayo angeniletea ngazini.

#6 Mwalimu_Mstaafu

Kaka, la Anna ni kweli, sikulitaja. Mimi nilieleza alichoandika, wewe umeeleza alichotenda, na kwa bwana yule hivyo viwili havikwenda pamoja siku zote. Lakini ushauri wake haufi kwa sababu mwenyewe aliuvunja.

#7 Bi_Kibokoni

Nyinyi mwanena ya Vienna, sisi twakaa Mombasa. Hapa mtu hajavua viatu ashaulizwa ni wa nyumba gani. Mwaka juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwa mshauri kijana, na kabla hatujaketi nishajua babake alikuwa na meza ya samaki Marikiti, na mamake aliachwa akiwa na mimba yake. Hakunena neno. Kioo hicho atakipata wapi? Na mshauri wa kike akiingia na hina mbichi mikononi, si ashanena kwamba nyumbani kwao kuna harusi?

Mimi ni somo, nimefunda maharusi tangu wanangu wadogo. Kazi yangu haiendi bila kujitaja, kwani mwari hatakwambia linalomtisha mpaka asikie kwamba hata wewe uliogopa. Lakini ina kanuni. Humwambia ya mume wangu wa kwanza, ambaye nishamsamehe na yu kaburini. Ya mume niliye naye sasa, hata kope haipati. Nasimulia kovu tu. Kidonda kibichi hakitolewi mbele ya mwari, maana ataacha kusikiliza atake kukifunga.

Mshauri wako, mwanangu, msiba wake haujakauka. Ndiyo kauli yangu.

#8 Mshauri_Bamburi

Nafanya kazi hii, kwa hiyo niruhusuni niongeze kidogo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna mshauri kuzungumzia maisha yake ya nje: ndoa, misiba, dini, magonjwa. Na kuna mshauri kusema anachohisi papo hapo juu ya mteja, mfano "umecheka ulipotaja kipigo, na mimi nimeingiwa na huzuni." Hili la pili karibu wote tunafundishwa kulitumia. La kwanza ndilo lenye ugomvi.

Tulichofundishwa ni kujiuliza, kabla ya kufungua mdomo, maneno haya nayasema kwa faida ya nani. Ukisema, iwe sentensi mbili, kisha umrudishie mteja uwanja. Saa ya BintiTudor haikurudishwa.

Lakini sitaki kumhukumu mwenzangu kirahisi. Niliwahi kumwambia mama aliyefiwa na kichanga kwamba nami niliharibikiwa na mimba. Sentensi moja tu, kwa nia safi. Aliacha kulia palepale, akanitazama kwa huruma, na hakulia tena mbele yangu hadi tulipomaliza. Mwaka uliofuata nikamwambia baba mmoja maneno yaleyale, naye ndipo akafunguka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Maneno yaleyale na mdomo uleule. Mpaka leo nalipeleka swali hilo kwa msimamizi wangu, yule mshauri anayeniangalia kazi.

#9 Zamani_Unga

Salaam. Mimi nilivuta unga, yaani heroini, miaka tisa, Kisauni hii hii. Sasa ni mwaka wa sita nimeacha, na nasaidia vijana wanaokunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga.

Wandugu, kwetu sisi mshauri asiyejitaja hana kazi. Kijana ameketi mbele yako ana arosto, mwili unaudai unga, jasho linamtiririka, anakutazama shati lako lililopigwa pasi. Atakuuliza moja tu: wewe wayajua haya au umeyasoma? Nikimwambia "mimi nililala nje ya msikiti nikaiba viatu vya walioswali," hapo ndipo anaketi sawasawa. Ndiyo chanzo hata cha vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe vilivyoanzia New York, mlevi kuzungumza na mlevi.

Lakini Bi Kibokoni amenigusa. Zamani nilikuwa nasimulia yote, mpaka tulivyokuwa tukichoma foili, na mpaka harufu yake. Siku moja kijana akaniuliza, "Na ulikuwa wachukua wapi?" Nikaona macho yake yamebadilika, na wallahi na mate yangu yakanijaa. Tangu siku ile nasimulia nilivyotoka. Nilivyokuwa nikivuta, naacha.

#10 Mwalimu_Mstaafu

Mashallah kaka, Mungu akuthibitishe. Sahihisho dogo: vikundi vile vilianza Akron, jimbo la Ohio, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, yuko Akron kikazi, akaingiwa na hamu ya pombe. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Angalieni jambo hili: Wilson hakwenda kumponya Smith. Alikwenda kujiponya mwenyewe kwa kujisimulia. Aliyejianika ndiye aliyekuwa na haja.

#11 Kaka_wa_Ganjoni

Basi Mwalimu, kwa kisa chako mwenyewe, mshauri kujitaja kwa faida yake mwenyewe kuliwasaidia wote wawili. Kile kioo cha 1912 kimekwenda wapi?

#12 Nahodha_Likoni

Nyinyi mwasema mteja, mteja. Kisauni huko "teja" ni mtu mwengine, mvuta unga. Na kwenye simu "mteja hapatikani". Washauri watafute neno jipya.

#13 Zamani_Unga

Ni neno lilelile, Nahodha, limekatwa kichwa tu. Muuza unga ana mteja, na mshauri ana mteja. Mimi nawaita ndugu zangu, kwisha.

#14 MamaWawili_Changamwe

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Acha niseme langu.

Nilipopimwa virusi nikiwa na mimba ya kwanza na majibu yakaja vile, muuguzi alinieleza mambo ya dawa vizuri sana. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nahesabu hatua za kutoka pale hadi barabarani. Kisha akaja mama mmoja, wale wanaoitwa mama washauri, mnene, amejifunga leso. Akafungua mkoba akatoa kopo la vidonge, akalitikisa likalia. "Zangu hizi. Mwanangu yuko darasa la nne, hana kitu."

Hakusema zaidi. Hakunisimulia aliupataje wala mumewe alisema nini. Lile kopo lililolia ndilo lililonirudisha nyumbani badala ya mahali pengine nilipokuwa nimekusudia. Wanangu wawili wote hawana kitu.

Kwa hiyo mtu akiniambia mshauri asijitaje kabisa, mimi siwezi kukubali.

#15 Mshauri_Bamburi

Asante kwa kutuamini na hili, mama. Tazameni lakini: alisema sentensi mbili, na zote mbili zilikuwa jibu la swali ulilokuwa nalo moyoni.

#16 Mtetezi_wa_Mteja

Mnazunguka bure. Kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Mshauri kujisimulia ni kosa, ashtakiwe.

#17 Mshauri_Bamburi

Sheria hiyo ipo, ndugu, lakini kazi yake ni bodi, usajili na nani aruhusiwe kujiita mshauri. Hakuna kifungu cha kumshtaki mtu kwa kumtaja mamake. Hili ni la maadili ya kazi na usimamizi. Mtu anaweza kulalamika, ndiyo, na kulalamika kwanza ni kwa mshauri mwenyewe, uso kwa uso.

#18 Mwanafunzi_Saikolojia

Hamjambo. Kuna utafiti wa Barrett na Berman, Marekani, 2001, ambao tumeusoma darasani. Kila mshauri alipewa wateja wawili. Kwa mmoja aongeze kujitaja, tena pale tu mteja anapoeleza jambo linalofanana, na kwa mwengine ajizuie. Wale walioambiwa zaidi waliripoti kupungukiwa na dalili zao, na walimpenda mshauri zaidi. Kwa hiyo mshauri wa BintiTudor huenda alikuwa anafuata njia inayojulikana, ila kipimo ndicho kilichomzidi.

#19 Kaka_wa_Ganjoni

Wateja 36, sivyo? Na washauri wenyewe walikuwa bado wanafunzi.

#20 Mwanafunzi_Saikolojia

Ni kweli, 36, na washauri 18 waliokuwa masomoni. Sikusema umemaliza ubishi.

#21 Kaka_wa_Ganjoni

Nami sikubishi kwa ubaya. Naongeza kisa. Sándor Ferenczi wa Budapest, mwanafunzi na rafiki wa Freud, aliona ubaridi wa kile kioo unawaumiza wagonjwa wake walioteswa utotoni. Mgonjwa wake mmoja, Elizabeth Severn, akamwambia wazi: unanificha chuki yako, nami sitapona mpaka nikuchambue wewe. Ferenczi akakubali. Wakabadilishana, zamu yako, zamu yangu. Mwaka 1932 alikuwa akiandika shajara juu ya haya. Akagundua kwamba yeye alipolala kitini na kusema yote yaliyomo moyoni, na siri za wagonjwa wengine zilikuwa humo. Akaiacha njia ile. Lakini alikiri kwamba Severn alikuwa ameona kweli: ile chuki ilikuwepo.

Kwa hiyo mshauri akificha, mgonjwa ananusa. Akifunua, mgonjwa anabeba. Mimi sijui lipi afadhali.

#22 Mkaaji_Magongo

Mimi nilipata aliyeficha. Ndoa yangu ilikuwa inakwenda mrama, nikaenda. Nikamwuliza, "Daktari, wewe umeoa?" Akanijibu, "Kwa nini umetaka kujua?" Nikasema ni kuuliza tu. Akanyamaza. Saa ya ukutani ikawa inanigonga kichwani. Kwetu sisi kumuuliza mtu watoto hawajambo ni salamu, ni kumheshimu. Nilijiona mjinga nimefanya upekuzi. Sikurudi, na ndoa yenyewe haikupona.

Dada BintiTudor, mimi ningempokea huyo wako kwa mikono miwili. Angalau ni mtu.

#23 Mpenda_Lugha

Mkaaji amelifikia jambo ambalo nimelingoja tangu posti ya kwanza. Rudini msome tena: "Mtu akikutajia msiba huwezi kumkodolea macho. Nikamwambia makiwa."

Mimi naona tatizo liko ndani ya lugha yetu. Kiswahili hakikuachi usikie habari ukakaa kimya. Mtu akijikwaa mbele yako ni pole. Ukimkuta anafanya kazi ni pole na kazi. Akitaja aliyekufa ni makiwa, ni Mungu amrehemu. Maneno haya hayangoji ujisikie kuyasema, ni deni, na deni linaiva papo hapo. Mshauri akisema kwa Kiswahili "nimemzika mamangu", tayari ameshamdai mteja wake. Hata iwe sentensi mbili za Mshauri wa Bamburi, hata iwe kovu la Bi Kibokoni, mteja mwenye adabu lazima asimamishe msiba wake alipe wa mwenziwe. Yule mama wa kichanga hakuacha kulia kwa sababu alikosewa. Aliacha kwa sababu alikuwa na adabu.

Wale Wamarekani 36 sijui wana madeni gani ya maneno. Sisi tunayo. Na ndiyo maana kopo la MamaWawili lilifaa: mama yule hakutaja msiba, alitaja mtoto wa darasa la nne. Hapo hakuna pole inayodaiwa. Unasema alhamdulillahi, basi.

#24 Bi_Kibokoni

Umenena, mwanangu. Lakini deni la pole halichukui saa. "Makiwa", mwenziwe akaitika, wakaendelea. Aliyeirefusha ni mshauri.

#25 Zamani_Unga

Na kwa vijana wangu? Nikiwaambia nililala nje ya msikiti hakuna anayenipa pole. Wananicheka, kisha wanalia.

#26 Mpenda_Lugha

Hapo sina jibu, kaka. Labda kwa sababu hadithi yako ina aibu ndani yake, na aibu haidai pole, inadai mtu aseme "hata mimi".

#27 BintiTudor

Nawashukuru nyote, sikutarajia watu wangejali hivi. Bi Kibokoni, umejuaje? Alisema mwenyewe kwamba mamake alifariki mwaka jana. MamaWawili, nimekusoma mara tatu. Nahodha, nitakwenda, usinikasirikie. Nataka nimwambie mwenyewe usoni kabla sijaamua kuhama.

#28 Nahodha_Likoni

Sikasiriki dada. Alhamisi ondoka mapema, feri mwisho wa mwezi ina watu.

#29 Kaka_wa_Ganjoni

Nahodha, Tudor iko hapo hapo kisiwani, feri ya nini?

#30 BintiTudor

Wapendwa, nimetoka Alhamisi.

Niliketi nikasema kabla hajauliza habari: "Siku ile uliponisimulia, nilikosa pa kuendelea." Mikono ilikuwa inanitetemeka. Hakujitetea. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Uliponipa ile tishu ulikuwa umeshika bangili ya mwisho. Nimelikumbuka usiku. Lilikuwa kosa langu, na nimelipeleka kwa msimamizi wangu."

Sikutegemea kwamba alikuwa anajua niliishia wapi.

Nikamaliza. Muuguzi alileta sabuni haikutoka, akaleta mafuta haikutoka, mwishowe ikakatwa kwa koleo mbele yangu. Nilisikia sauti ile nikaona kama wamemkata mama. Hilo sijawahi kumwambia hata dadangu. Nililia hadi saa ikaisha, na tishu zote zilikuwa zangu.

Lakini niseme kweli, halijaniisha. Yeye akinyamaza sasa nawaza, anamfikiria mamake? Ile nyumba waliigawa? Siwezi kuusahau ule mguu.

#31 Mkaaji_Magongo

Umenitoa machozi nikiwa kazini.

#32 Nahodha_Likoni

Nimeyafuta ya mwanzo, dada, hukukosea kwenda. Lakini swali moja: alichukua 2,500 kamili?

#33 BintiTudor

Kamili.

#34 Nahodha_Likoni

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kosa umekiri, basi kile kikao cha tatu kirudishe.

#35 Mtetezi_wa_Mteja

Naunga mkono.

#36 Mshauri_Bamburi

La pesa linajadilika. Mimi ningemfidia. Lakini mmeona jambo? "Nimelikumbuka usiku", "nimelipeleka kwa msimamizi wangu": hayo nayo ni kujitaja. Amemwambia mteja habari za usiku wake mwenyewe. Na safari hii ndiyo yaliyomfungua.

#37 Mwalimu_Mstaafu

Au aliyemfungua ni yeye mwenyewe binti, kwa kusema kabla ya kuulizwa. Tusimpe mshauri sifa zote.

#38 Mpenda_Lugha

Au ni kwamba maneno yale hayakudai pole.

#39 Bi_Kibokoni

Muacheni apumue mtoto wa watu. Binti, hiyo bangili iliyokatwa iko wapi?

#40 BintiTudor

Nimeifunga kwenye leso yake, Bi. Vipande viwili. Nataka kuiunga niivae lakini naogopa sonara ataibadilisha dhahabu.

#41 Bi_Kibokoni

Usimpe mtu ukaondoka. Yuko mmoja huku Mji wa Kale ambaye babake ndiye aliyezifua zangu za harusi, na huunga mbele ya macho yako. Niandikie faraghani, Jumamosi baada ya adhuhuri nikupeleke.